Mgongo unaokaza asubuhi: tiba ni mazoezi, lakini Umoja utayafanyia wapi?

Kuna maumivu ya mgongo yanayopungua ukipumzika, na kuna mengine yanayozidi ukipumzika. Kama hiyo sehemu ya pili imekugusa, usifunge ukurasa huu.

Ya kwanza tunayajua sote hapa Umoja. Maji yamepotea siku tatu, yamerudi usiku, umebeba mitungi minne ya lita 20 hadi orofa ya tano kwenye jengo lisilo na lifti. Kesho yake kiuno kinalia. Unalala, unapakwa dawa, baada ya siku chache umesahau.

Ya pili hayana adabu hiyo. Yanakuamsha saa tisa au saa kumi usiku, unageuka kitandani kama chapati kwenye kikaango. Asubuhi mgongo umekaza kama ubao, na kuinama uvae soksi ni kazi ya kupangiwa. Nusu saa inapita, wakati mwingine saa nzima. Halafu unashuka ngazi, unatembea hadi steji, na njiani unaanza kulegea. Kufikia saa nne uko sawa, unajiambia ni godoro tu. Jumapili, siku ya kujilaza na simu, ndiyo inakuwa mbaya kuliko zote.

Ikiwa hali hiyo imedumu miezi mitatu au zaidi, ilianza polepole kabla hujafika miaka 45, na maumivu yanahama kutoka tako moja hadi lingine, daktari anayeijua kazi yake atafikiria ankilosing spondilaitisi. Jina ni refu, hata mimi nililisoma mara tatu. Hapa tutauita baridi yabisi ya uti wa mgongo. Kinga ya mwili wako mwenyewe inashambulia mahali ambapo kano zinashikana na mfupa, mara nyingi ikianzia kwenye viungo viwili vinavyounganisha nyonga na uti wa mgongo. Mwili ukijaribu kujitibu, unajenga mfupa mahali ambapo hapakuwa na mfupa. Kwa baadhi ya wagonjwa, baada ya miaka mingi, pingili zinashikana kabisa, na kwenye eksirei mgongo unaonekana kama mwanzi. Madaktari wenyewe wanauita mgongo wa mwanzi. (Sisi watu wa Eastlands tuna barabara nzima inayoitwa Spine Road, na hata hiyo inakaza kila asubuhi.)

Ukisikia baridi yabisi unafikiria nyanya yako na magoti yake. Hii ya uti wa mgongo ina tabia nyingine: kwa wengi huanza kwenye miaka ya ishirini. Dan Reynolds, mwimbaji wa Imagine Dragons, ameongea hadharani kuhusu kuishi nao tangu ujana wake. Kwa muda mrefu ilisemekana ni ugonjwa wa wanaume, na dada zetu wakaambiwa ni hedhi, ni viatu virefu, ni kubeba mtoto. Siku hizi inajulikana kwamba wanawake wengi wanao, ila wanachelewa zaidi kuambiwa.

Hoja yangu ni hii. Mazoezi ya kila siku, yanayofundishwa na fizio na kufuatiliwa kwa miaka, ni nguzo ya tiba ya ugonjwa huu sawa na vidonge. Ni tiba ya bei ya chini ukilinganisha na karibu kila kitu kingine hospitalini. Na ndiyo hiyo hiyo ambayo bima yetu mpya na mitaa yetu jinsi ilivyojengwa haijaitengea nafasi.

Kabla ya kufika kwa bima, elewa kwanza kwa nini hata jina la ugonjwa wako huenda hujawahi kuambiwa. Duniani, mgonjwa wa kawaida hukaa takriban miaka saba tangu dalili zianze hadi aambiwe anaugua nini. Hesabu mwenyewe: ukianza na miaka 22, unajua ukiwa na 29. Sababu moja ni kwamba eksirei inaweza kubaki safi kwa miaka ya kwanza. MRI huona mapema, lakini MRI si kitu unachopimwa kwa sababu umesema mgongo unauma. Sababu ya pili ni ya kwetu Afrika. Kuna kipimo cha damu cha jini iitwayo HLA-B27, na huko Ulaya wagonjwa wengi sana wanayo. Kwa Waafrika weusi jini hiyo ni nadra, na wagonjwa wetu wengi hawana. Kwa miaka mingi vitabu vilivyoandikwa huko vikafunza kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Matokeo yake, mgonjwa Mwafrika anaweza kupimwa, jibu likarudi hakuna, akaambiwa aende nyumbani akapumzike. Kipimo hicho kikirudi bila jini, bado hakijakuondolea ugonjwa.

Sababu ya tatu iko pale kwenye kona yenu: chemist. Dawa za kundi la diklofenaki na ibuprofeni zinaushika ugonjwa huu vizuri mno. Ndizo daktari angekuanzishia pia. Shida ni kwamba ukizinunua mbili mbili kila jioni kwa miaka, bila mtu wa kukupima tumbo, figo na presha, unapata nafuu ya kutosha kutokwenda hospitali na hupati tiba. Kama dawa hizo zinakufungua mgongo kwa siku moja mbili na maumivu yanarudi ukiziacha, mwambie daktari hivyo hivyo. Kwake hiyo ni habari muhimu.

Sasa mazoezi. Hapa ndipo watu wengi hupotea kwa sababu neno fizio mtaani lina maana nne. Kuna anayekukanda na mafuta. Kuna anayekuwekea mashine ya joto na nyaya. Kuna kocha wa gym. Na kuna mtaalamu aliyesomea tiba ya viungo, KMTC au chuo kikuu, aliyesajiliwa na Physiotherapy Council of Kenya, baraza lililoundwa chini ya sheria ya 2014. Huyo wa nne ndiye ninayemzungumzia, na una haki ya kuuliza kuona leseni yake ya mwaka huu.

Mwongozo wa tiba uliotolewa Marekani mwaka 2019 na chama cha madaktari wa baridi yabisi unapendekeza kwa nguvu tiba ya viungo kwa wagonjwa hawa. Unasema pia mazoezi unayoyafanya wewe mwenyewe yapewe kipaumbele kuliko yale unayofanyiwa ukiwa umelala. Hiyo inabadilisha kila kitu. Ukienda mara sita ukakandwa, ukawekewa joto, ukarudi nyumbani bila zoezi hata moja la kufanya kesho asubuhi, umepata raha. Raha si mbaya. Lakini pingili hazijui ulilipa.

Mazoezi yenyewe yana akili yake. Ugonjwa unavuta mwili kwenda mbele: shingo inatoka, mabega yanakunjika, nyonga zinajikunja, kifua kinabana. Kwa hivyo fizio anakuvuta nyuma. Atakulaza kifudifudi dakika kadhaa kila siku ili nyonga na mgongo vinyooke. Atakufundisha kuvuta pumzi ndefu mikono ikiwa kwenye mbavu, kwa sababu viungo vya mbavu navyo hukaza na kifua kikakosa kupanuka. Atanyoosha misuli ya mbele ya nyonga, ambayo kwa mtu anayekaa siku nzima kwenye kiti cha matatu au mbele ya kompyuta imefupika tayari. Atakuimarisha misuli ya mgongo na matako. Atakuuliza kuhusu mto wako, na pengine atakuambia utumie mwembamba. Atakusimamisha visigino na mgongo vikiwa ukutani aone kama kisogo kinagusa ukuta bila kuinua kidevu, apime pengo kwa sentimita, aandike. Baada ya miezi mitatu atapima tena. Hiyo kalamu na futi ndiyo tofauti yake na mkandaji: anajua ulikuwa wapi.

Na kutembea, kuogelea, kucheza densi, vyote vinahesabika. Ukivuta sigara, ujue wavutaji huwa wanaharibikiwa mgongo haraka zaidi. Nimesema, nimepita.

Kuna jambo moja sitapita haraka. Kinyozi. Wewe unajua: umenyolewa, umepakwa spiriti, jamaa anakukanda mabega, halafu anashika kichwa, anakigeuza ghafla, shingo inalia kwa! Wengi tunaipenda hiyo sauti. Mgongo ulioanza kushikana unakuwa mgumu na dhaifu kwa wakati mmoja, kama chaki. Mwongozo huo huo wa 2019 unakataza kwa nguvu kuuvunjavunja na kuugeuza mgongo wa mtu ambaye pingili zake zimeshikana au mifupa yake imedhoofika sana. Mgongo kama huo unaweza kuvunjika kwa pigo dogo. Kama una dalili nilizoeleza pale juu, mwambie kinyozi wako akomee kwenye mabega. Vivyo hivyo kwa yule mzee anayesifika kwa kurudisha mgongo mahali pake, na kwa jamaa wa gym anayetaka kukukanyaga. Na ukianguka na bodaboda, hata polepole, halafu shingo au mgongo uume kwa namna mpya, nenda ukapigwe picha, usingoje.

Pia si kila mgongo unaokusumbua ni huu. Nairobi tuna kifua kikuu, na kifua kikuu kinaingia kwenye uti wa mgongo. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda bila sababu: hizo zinataka vipimo kabla ya zoezi lolote. Miguu ikiishiwa nguvu, au ukifa ganzi kati ya mapaja, au mkojo ukigoma au kujitokea, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Na jicho. Ugonjwa huu unaweza kuvimbisha jicho kwa ndani, likawa jekundu, likauma, mwanga ukawa adui. Usinunue matone ya kubahatisha. Nenda kliniki ya macho siku hiyo, maana jicho lisipotibiwa linaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Haya, tuje kwenye pesa.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilipitishwa 2023, na Oktoba 1, 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Ukiwa umeandikwa kazi, asilimia 2.75 ya mshahara wako inakatwa. Ukiwa kwa jua kali, mnapimwa uwezo wa nyumba yenu kwa maswali ya paa, choo na mifugo, na kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Ila kwa sisi tusio na payslip, inatakiwa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani Sh3,600 kwa uchache kabisa. Serikali baadaye ilikuja na Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kukopeshwa hiyo ya mwaka ulipe kidogo kidogo. Kijana wa mjengo anayelipwa jioni kwa jioni anaweza kuamua mwenyewe kama anataka deni lingine.

Lakini kipengele kinachoniuma ni cha umri. Kwa sheria hiyo, mtoto anabebwa na bima ya mzazi hadi miaka 21 akiwa hana kipato chake. Akiwa bado mwanafunzi wa wakati wote, anabebwa hadi 25. Soma tena hiyo ukikumbuka ugonjwa wenyewe huanza lini. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hiki kipengele sikukisoma kwa ajili ya makala. Ukitoka darasani na miaka 22 kwa sababu karo imeisha, unapoteza vitu viwili kwa siku moja: kitambulisho cha chuo na bima ya mama. Ndani ya mwaka huo huo mgongo unaanza kukuamsha saa tisa usiku. Sheria ilimwona mwanafunzi, ikamwona mfanyakazi. Huyu wa katikati, ambaye ndiye amejaa Umoja, Kayole na Komarock, iliamini mgongo wake ni mzima.

Tuseme umelipa. SHA ina mifuko mitatu. Mfuko wa afya ya msingi unalipia huduma kwenye zahanati na vituo vya afya, ngazi ya pili na ya tatu, bila wewe kutoa kitu ilimradi umejisajili. Mfuko wa pili, SHIF, ndio unaotumia michango yetu, kwa hospitali za ngazi ya nne kwenda juu. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mahututi, unaoingia wa pili ukikauka. Sasa tafuta fizio yuko wapi. Kwa kawaida yuko ngazi ya nne kwenda juu. Kwa mtu wa Umoja hiyo inamaanisha Mama Lucy Kibaki, ambayo ni ngazi ya tano na inahudumia nusu ya Eastlands. Yaani huduma ya bure iko mahali ambapo fizio kwa kawaida hayupo, na fizio yuko mahali ambapo lazima mchango wako wa mwaka uwe umeingia.

Kisha angalia mfuko huo umejengwa kulipia nini hasa: kulazwa, upasuaji, kujifungua, dialisisi, saratani. Sikatai hata kimoja. Kila kimoja kina familia iliyouza shamba. Lakini ona vinavyofanana: ni mambo yenye tarehe. Umeingia, umetoka, bili hii hapa. Baridi yabisi ya uti wa mgongo haina tarehe. Inataka umuone fizio mara kadhaa mwanzoni, kisha mara moja moja kwa maisha yako yote, na katikati ufanye kazi mwenyewe kila asubuhi. Hakuna mwanasiasa atakayepiga picha akikata utepe wa zoezi la kulala kifudifudi.

Ugonjwa ukiachwa ndipo unakuwa wa tarehe. Nyonga zikiharibika, ni upasuaji wa kubadilisha nyonga. Ukizidi vidonge, kuna sindano za bayolojia, dawa zinazozuia kemikali za uvimbe mwilini. Zinasaidia kweli, ila kwa mwezi zinameza pesa inayozidi kodi ya nyumba hapa kwetu kwa mbali, na kabla ya nyingi kati yake lazima upimwe kifua kikuu kilichojificha, maana zinaweza kukiamsha. Kwa hivyo ninaposema mfumo umeisahau tiba ya bei ya chini, naongea lugha ya Hazina pia.

Na hata kama kila kikao kingekuwa bure, kuna bei ya saa. Tuseme fizio amekuandikia vikao 12, viwili kwa wiki. Hizo ni wiki sita, asubuhi 12. Kazi ya Industrial Area inataka uwe getini alfajiri. Ukikosa mara mbili, nafasi yako ina mtu. Asubuhi ndiyo saa mwili wako umekaza zaidi, ndiyo saa ya foleni kliniki, na ndiyo saa ya kibarua. Vitu vitatu vinagombania saa moja na mbili. Unajua ni kipi kinashinda. Kisha kwenye faili inaandikwa mgonjwa aliacha kuja.

Hapo wengi watasema: si afanyie nyumbani? Mazoezi hayahitaji mashine.

Ni kweli, hayahitaji. Yanahitaji sakafu ya urefu wako, ukuta ulio wazi, na dakika ishirini bila mtu kukuruka. Umoja One ilijengwa miaka ya 1970 kwa pesa za mkopo kupitia USAID, nyumba ndogo za chini zilizoachiwa nafasi ili mwenyewe aongeze vyumba polepole. Wenyewe waliongeza, ila wakapanda juu. Ingia Innercore leo uhesabu orofa. Bedsita ya kisasa imepangwa kwa mtu anayelala na kuondoka: kitanda, jiko la gesi, mitungi ya maji, kamba ya nguo, na pale katikati pa kukanyaga. Kulala kifudifudi unaweza, kitandani. Kunyoosha nyonga unaweza, ukihamisha mitungi. Ukutani ndipo utapigania nafasi na sufuria.

Ukitoka nje, nje ni ya magari na vibanda. Mtoto anacheza mpira kati ya matatu mbili zilizoegeshwa. Uwanja wa wazi unaojulikana nchi nzima upande wetu huu ni Jacaranda, na sifa yake ni mikutano ya siasa. Gym za mtaa zipo, zile za vyuma vilivyomiminwa saruji kwenye mikebe ya rangi, na sitazidharau: kocha mzuri anayekubali kusikiliza maagizo ya fizio wako ni baraka. Lakini utamaduni wa pale ni kuinua kizito kuliko jana. Mtu anayelala chini na kupumua kwa dakika kumi ataulizwa kama anataka maji.

Halafu kuna maneno. Kijana akisema mgongo, anachekwa. Utani unaujua, siurudii. Akiamka amekunja uso anaitwa mvivu, kufikia saa nne anatembea vizuri na sasa anaitwa mwongo. Ugonjwa unaolegea ukifanya kazi unakunyima hata ushahidi.

Wengine wamelitatuaje? Uingereza kuna chama cha wagonjwa hawa kilichoundwa 1976, na kwa miaka yote hiyo matawi yake yamekuwa yakikutana jioni, mara moja kwa wiki, kwenye ukumbi au chumba cha mazoezi cha hospitali, fizio mmoja mbele, wagonjwa kadhaa nyuma yake. Wana kazi zao, wanakuja baada ya kazi. Na sayansi iko upande wao: uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 uliona kwamba kufanya mazoezi nyumbani ni bora kuliko kutofanya, na kufanya kwa kikundi chini ya msimamizi ni bora kuliko peke yako nyumbani. Mtu hukosa vya nafsi yake, lakini huona haya kukosa vya kikundi.

Nikisoma hapo mimi Mkenya naona kitu kimoja tu: chama. Sisi ndio watu wa chama. Tuna chama cha sufuria, cha ploti, cha mazishi. Eastlands ina kanisa kila baada ya majengo matatu, na kumbi nyingi kati ya hizo hulala tupu Jumanne jioni. Fizio mmoja aliyesajiliwa, ukumbi mmoja, mikeka kumi, watu kumi, saa moja jioni. Kaunti ikimlipa fizio huyo kwa saa mbili kwa wiki kutoka Mama Lucy, hakuna jengo jipya linalotakiwa wala tenda ya vifaa. Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi, hivyo hatuhitaji kungoja mtu Afya House aamke. Na kikundi hicho hakitabagua: mwenye spondilaitisi, mama mwenye baridi yabisi ya vidole, fundi ambaye diski imemtoka, fizio atampa kila mmoja zoezi lake.

Hata ulimwengu umetuelekeza huko. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 2.4, karibu mmoja kwa kila watatu, wana hali ya kiafya ambayo tiba ya kurudisha uwezo wa mwili ingewafaa. Mei 2023 mkutano mkuu wake ulipitisha azimio la kuitaka tiba hiyo iingizwe kwenye mifumo ya afya ya nchi, ikiwemo ngazi ya msingi. Septemba 8 mwaka huo, Siku ya Fizio Duniani ilikuwa kuhusu baridi yabisi, na spondiloathraitisi ya uti wa mgongo ilitajwa kwa jina. Ngazi ya msingi kwetu ni kile kituo cha afya unachopita ukienda sokoni Mtindwa. Fizio akiwekwa pale hata siku mbili kwa wiki, mfuko ule wa kwanza wa SHA, usiouliza mchango wa mwaka, ungeweza kumgusa yule kijana wa miaka 22 ambaye hana kadi ya mama wala payslip.

Kaunti hufanya vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti, na kwa kawaida wanaokuja ni wazee na wawaniaji wa udiwani. Wanaongea barabara, taa na mitaro. Ukienda, nenda na maneno mahususi: fizio wa ngazi ya tatu, Embakasi Magharibi, siku mbili kwa wiki. Omba yaandikwe kwenye kumbukumbu.

Kwa wewe ambaye sentensi ya kwanza ilikugusa, kabla hujafika kwa daktari andika kwenye simu mambo haya kwa wiki mbili: uliamka usiku saa ngapi, ulichukua dakika ngapi kulegea asubuhi, siku ulizokaa na siku ulizotembea mgongo ulikuwaje, dawa gani ilisaidia na kwa muda gani, kama jicho limewahi kuwa jekundu na kuuma, kama kuna mtu kwenu mwenye mgongo kama wako, au mwenye soriasisi, au tumbo la kuhara damu lisiloisha. Daktari wa kliniki iliyofurika ana dakika chache na wewe. Ukimwambia mgongo unauma, atakuandikia dawa ya mgongo unaouma. Msomee kutoka kwenye simu, halafu muulize moja kwa moja: hii inaweza kuwa ya uvimbe, na unaweza kunituma kwa fizio?